Bega Langu la Machela

Nyangi mwanangu,

Sikuandikii kukukumbusha sweta ya kwenye basi wala mahali pa kuficha nauli. Hayo mama yako ameshayasema, na namjua, ameyasema mpaka umechoka. Hapo Nyasura giza limeshaingia na sanduku lako limeshafungwa. Huku kwangu Marekani ni mchana mweupe, bado nina muda kabla ya zamu ya kiwandani, na nimekaa mezani peke yangu na kalamu. Ukiona mwandiko umelala, ni bega. Nimeweka kiwiko juu ya mto ndiyo mkono unakubali kusogea. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa zote nikutumie. Simu zangu hupokei, lakini picha zitafika, utazisoma ukipenda.

Mara ya mwisho tulipoongea ulisema, "Kumbe hiyo kadi ya bima ndiyo mtoto wako wa kwanza, baba. Mimi ni wa pili." Halafu ukakata. Neno hilo nimekaa nalo wiki nzima kwenye mstari wa kukatia nyama. Sikukasirika. Nilitaka kukueleza, ila kwenye simu siwezi, maneno yananikimbia. Mtu aliyeishia kidato cha pili akibishana na binti aliyemaliza cha sita anaachwa nyuma mapema sana. Kwenye karatasi angalau naweza kusimama, nikafikiri, nikaendelea.

Ulitaka nije nikubebee sanduku. Una haki. Kwetu mtoto akiondoka nyumbani, baba ndiye anayembebea mzigo mpaka barabarani. Siku naondoka Butiama kwenda kutafuta kazi Musoma, babu yako alinibebea sanduku langu la bati kichwani. Tulipofika barabarani akalitua, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akageuka akarudi kwake. Mimi nilikuahidi hivyo hivyo, na ulikuwa hujaanza hata kung'oka meno. Miaka yote hii umenisubiri kwa ahadi hiyo moja, na kesho asubuhi sitakuwepo.

Sasa soma kwa nini.

Unajua niliteleza kwenye barafu nje ya mlango wangu. Hukujua kilichofuata. Niliinuka nikaenda kazini. Bega la kulia lilikuwa linawaka, nikalifunga kwa kitambaa ndani ya shati, nikaendelea kukata. Nilikuwa na kadi ya bima mfukoni, lakini kadi ya huku ina jambo lake: kila mwaka unapoanza, gharama za kwanza unalipa mwenyewe, mpaka zifike kiwango walichoweka, ndipo bima inaanza kulipa. Nikapiga hesabu ya ada zako na dawa za bibi yako, nikasema bega litapona lenyewe. Halikupona. Nilipokuja kwenda hospitali, daktari aliniangalia kwa huruma akasema ningefika mapema pengine mazoezi yangetosha. Sasa mshipa umekatika, lazima upasuaji.

Daktari alisema lazima. Bima ikasema bado. Huku daktari akiamua upasuaji, kampuni ya bima ndiyo inatoa ruhusa, na aliyekataa hajawahi kuniona, hajawahi kunigusa hili bega. Wakataka nimeze vidonge kwanza. Nikameza. Wakataka nifanye mazoezi. Nikafanya, nalia kama mtoto kwenye chumba cha watu. Juzi juzi ndiyo wamekubali, na ruhusa yao ina mwisho wake. Siku yangu ya upasuaji imeshapangwa, iko karibu.

Siku zangu za likizo zote ziliishia kwenye hilo bega. Kwa upasuaji wananiruhusu kukosa kazini, lakini nikipanda ndege kuja kwako, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, kadi inakufa nayo, maana kwa mtu kama mimi bima inatoka kwa mwajiri. Kadi ikifa, ruhusa nayo imekufa. Wanasema unaweza kuendelea na kadi hata ukiacha kazi, ila unalipa sehemu yako na ile aliyokuwa analipa mwajiri. Niambie, mtu aliyekosa kazi jana ataitoa wapi leo?

Kwa hiyo kadi siyo mtoto wangu, Nyangi. Ni kamba. Mimi ni mbuzi amefungwa kwenye mti wenye majani. Majani nakula, lakini siendi popote.

Kabla hatujagombana uliniuliza swali, nami sikukujibu. Ulisema chuoni Dodoma unaenda kusomea mambo ya bima ya afya, kwa kuwa siku hizi huko kwetu habari ni bima kwa wote, na kuna watu wanasema tuige Marekani. Ukaniuliza: "Baba, Wamarekani wakikupa nafasi, ungerekebisha nini?" Niliona aibu. Nikasema muulize mtu aliyesoma. Leo nakujibu, ila itabidi nipitie Butiama kwanza.

Ulipozaliwa machela za kijijini zilikuwa zimeanza kupungua, pikipiki zimeingia. Sisi tulikua nazo. Mtu akiugua vibaya, miti miwili na kamba, blanketi juu, na kila mji pale kijijini unatoa mwanaume mmoja wa kubeba. Wanne wanashika, wengine wanatembea pembeni kuwapokea, na mnabadilishana bila kusimama. Wanawake nyuma na uji na maji. Mimi nilikuwaga upande wa kulia, mbele, kwa hiyo bega la kulia ndilo la kubebea. Na hamuulizani mnakwenda wapi. Mnakwenda kwa mganga wa karibu, zahanati ya karibu, barabara ya karibu.

Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Mugaya, mlevi, hajawahi kumbeba mtu hata siku moja. Ikifika zamu ya mji wake anaumwa mgongo. Siku moja akaanguka kwenye korongo akavunjika mguu. Wanaume tukakusanyika, na jirani yetu Masero akakunja mikono.

"Huyu alibebaga nani? Abebwe na chupa yake."

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Tumlaze hapa hapa, pombe ikiisha atatembea."

Babu yako alikuwa ameshachuchumaa anafunga kamba. Akasema bila kuinua kichwa, "Tumbebe kwanza. Matusi tutampa njiani, njia ni ndefu."

Na kweli tulimtukana mpaka barabarani. "Mugaya, laiti ungekuwa mwepesi kama mfuko wako!" Yeye naye huko juu hakunyamaza: "Polepole nyie ng'ombe, mnanimwaga!" Alipopona, wazee walimpa mti wa mbele, na hakuwahi kukosa tena. Mgongo ulipona siku hiyo hiyo.

Nilikuja huku na akili hiyo ya machela. Nilivyofika unajua, sirudii. Nilipangishwa jengo moja na Mkongo anaitwa Bahati, tukawa zamu moja, mezani pamoja, kanisani pamoja. Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimchekesha, alisema naongea kama redio. Huyo ndiye alikuwa ndugu yangu huku.

Jioni moja nilimkuta kwenye ngazi amejikunja, jasho linamtoka. Nikasema naita gari la wagonjwa.

"Usiite, Magesa! Ile gari inakula mushahara yangu yote."

Basi nikamwita kijana wa Meksiko anayekaa chini, hatuelewani lugha lakini kubeba hakuhitaji lugha. Tukamweka Bahati kwenye blanketi, tukamshusha, tukamwingiza kwenye gari la yule kijana. Hospitali iko hapo hapo, unaona taa zake. Bahati akaanza kutikisa mkono: "Hapana hii. Ile ingine. Ile ya mbali."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia, "Mtu anakufa na bado anachagua hospitali!" Nilidhani ni maumivu yanaongea. Tukambeba ndani mimi na yule kijana, kifua mbele, kama watu waliofikisha mgonjwa zahanati. Ilikuwa kidole tumbo, karibu kipasuke. Walimpasua usiku ule akapona.

Halafu bili zikaanza kuja. Bima yake haikuwa na mkataba na hospitali ile. Ile ya mbali ndiyo ilikuwa yao. Alijua, akaniambia, nami nikambeba kwa nguvu kumpeleka kwenye shimo. Aliuza gari. Akaacha kutuma kitu kwa mama yake. Mwisho akahamia jimbo lingine kwa shemeji yake. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni kwangu na begi.

"Ulinibeba muzuri, Magesa," akasema. "Lakini ulinibeba pabaya."

Hakusema kwa ubaya, alinishika hata mkono. Lakini simu zake zilipungua, kisha zikaisha. Tangu hapo Kiswahili changu ni cha kwenye simu tu, na nyinyi. Mama yako yupo, ndiyo, ila mama yako anaongea habari za mahindi na bati la jikoni. Wewe ndiye uliyekuwa unaniuliza nimeonaje, nimefikiri nini. Wiki hii umeninyima sauti yako, na kuna siku mbili nimetoka kazini nikagundua sijatamka neno la kwetu hata moja tangu asubuhi. Nilisimama jikoni nikasema "chumvi" kwa sauti, nisikie tu.

Sikuandikii hayo ili ujisikie vibaya. Umekasirika kwa jambo la haki. Nakwambia ili ujue kwamba hata kuumwa kwa huku kuna upweke wake. Kwetu mgonjwa anajaza njia. Huku mgonjwa anabaki na bahasha.

Sasa jibu lako.

Kamba ningeikata kwanza. Bima isifungwe kwenye kazi. Mtu anaihitaji zaidi siku ameanguka, na akianguka ndiyo anapoteza kazi, sasa hiyo ni machela gani inayokutupa ukizidiwa? Iwe ya mtu mwenyewe, aende nayo, akiacha kazi imfuate, akienda kumsindikiza binti yake airudie. Watu wangapi kwenye mstari wangu wa nyama wanaumwa na wanachukia kazi na hawatoki! Kuna mama mmoja ana mume mgonjwa wa figo nyumbani. Msimamizi anamtukana, anainama. Ukimwangalia unajua hainamii msimamizi, anainamia kadi.

Pili wangeondoa mambo ya hospitali yetu na hospitali yao, hasa kwa mtu aliyezidiwa. Kusema kweli wameanza. Miaka hii ya karibuni wametunga sheria ya kuzuia bili kama ile ya Bahati kwa mwenye bima aliyefika kwa dharura. Nilipoisikia nilikaa kwenye gari nikamfikiria. Lakini gari la wagonjwa la barabarani wameliacha nje ya sheria hiyo, kwa hiyo hadi leo mtu akianguka anauliza kwanza nani ana gari.

Na bei. Hapo sokoni Manyamanyama mama yako hafungiwi samaki kabla hajaambiwa bei, na akiona ya huyu imezidi anahamia kwa yule. Huku nilipigwa picha ya bega, nikauliza bei, dada wa mapokezi akaniangalia kama nimemtukana. "Utaletewa nyumbani," akasema. Kipimo kile kile, mji ule ule, bei mbili tofauti. Watangaze bei mlangoni, moja. Hilo halihitaji msomi.

Lile la kulipa mwenyewe kwanza ndilo limenila bega. Wanadhani mtu akilipa mwanzo atakuwa mwangalifu, asiende hospitali ovyo. Kwa maskini siyo uangalifu, ni kujificha. Mlango wa kwanza, wa kumwona daktari tu na kuambiwa una nini, ungeachwa wazi. Wangelipa kidogo kwangu siku ile ya barafu, leo wasingelipa kisu. Na anayekataa kilichoandikwa na daktari, naye awe daktari, aandike jina lake, na apokee simu ya mgonjwa. Nilipiga ile namba yao nikiwa kwenye mapumziko, ukapigwa muziki mpaka mapumziko yakaisha.

La mwisho, kila mtu aingie. Na hapa ndipo niliposhindwa kwenye mabishano, kwa hiyo lisikilize vizuri. Mezani kazini nakaa na mzee mmoja Mmarekani, anaitwa Dan, mtu mzuri, ndiye alinionyesha viatu vya kutembelea barafuni. Yeye anasema kila mtu abebe mzigo wake. "Kwa nini nimlipie mtu anayekunywa soda tangu asubuhi?" Nikamsimulia habari za Mugaya, na Kiingereza changu hiki cha kuokota. Alicheka mpaka akafuta macho. "Mnanimwaga!" akawa anarudia. Kisha akasema, "Lakini nyinyi mlikuwa mnajuana."

Alikuwa amesema kweli. Mugaya tulimbeba kwa sababu tulijua mji wake, watoto wake, na tulijua kesho tutamwona na kumpa mti wa mbele. Nani atampa mti wa mbele mtu wa jimbo la mbali?

Nimelifikiria hilo miezi, kisu kikiwa mkononi. Jibu langu ni hili, na kama si sahihi utanisahihisha ukishasoma. Bima ni machela ya watu wasiojuana. Kwa kuwa hawajuani, haiwezi kungoja huruma wala mtu wa kufunga kamba kama babu yako. Lazima iwe sheria: mzima achange, kijana achange, tajiri achange zaidi, asiye na kitu achangiwe na serikali. Mugaya wa huku hatutamtukana njiani, lakini tutamkata kwenye mshahara wake siku akiwa mzima. Ndiyo mti wake wa mbele.

Ila usije ukafika darasani ukasema kwetu tulikuwa peponi. Baba yako mdogo tulimbeba vizuri sana, tena kwa kukimbia. Tulipofika zahanati fulani, hakukuwa na maji ya dripu, wakatuandikia karatasi tukanunue. Aliyetumwa aliporudi, mgonjwa alikuwa ameshatuacha. Mabega yalikuwepo, dawa haikuwepo. Huku dawa ipo, mashine ipo, waliliona bega langu kwa ndani kama samaki aliyepasuliwa, na daktari wangu ni mtu mwenye moyo. Ubaya wao uko mlangoni. Wetu ulikuwa kabatini. Ukiiga kwao, iga kabati. Mlango wao uwaachie wenyewe.

Na ukishakuwa mtu wa ofisi ya bima, siku moja utakaa mezani na jalada la mtu, na utakuwa na uwezo wa kusema bado. Sikukatazi. Pengine itakuwa sahihi, pesa za wote zina mwisho. Ila kabla hujaandika, inuka umwone. Kama yuko mbali, mpigie. Mtu akiambiwa "bado" na sauti ya mtu anaweza kuvumilia. Mimi niliambiwa na karatasi.

Muda wangu umeisha, inabidi nivae.

Nimeamua hivi, na mama yako bado hajui, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza. Nitapasuliwa. Nitafanya mazoezi yao mpaka mkono ufike juu ya kichwa. Daktari anasema ni miezi. Siku nitakayoweza kuinua kitu kizito na kukiweka begani bila kupiga kelele, nitairudisha kadi ofisini kwao na nitakuja nyumbani moja kwa moja. Sijui nitafanya kazi gani. Nitarudi Nyakato, kwenye kiwanda changu cha zamani cha minofu ya samaki, wakinitaka, au nitalima kwa bibi yako. Ukimaliza mwaka wa kwanza ukarudi likizo, sanduku lako nitalipokea stendi mimi, begani, la kulia, na nitalibeba hadi mlangoni. Nimechelewa njia ya kwenda. Naomba ile ya kurudi.

Kesho usimpe mpiga debe sanduku. Shika kishikio kimoja, mama yako ashike kingine, mtembee sawa. Mkichoka badilishaneni mikono bila kusimama. Mkilitua, mwambie mama yako alipanguse vumbi kwa kiganja. Atauliza ya nini. Mwambie ni ya baba.

Basi lako linaondoka alfajiri, na huku itakuwa bado ni usiku wa leo, niko katikati ya zamu. Simu haziruhusiwi kwenye mstari. Yangu nitaiweka chini ya aproni, upande wa bega zima. Ukishakaa kwenye kiti, nirekodie sauti unitumie. Neno lolote. Hasira ikiwa bado ipo, itume hiyo hiyo, nitaisikiliza.

Baba yako,
Magesa